Manila, Ambako Hata Mzimu Huuawa

Nimefunga sasa hivi ukurasa wa mwisho wa juzuu ya kwanza ya Trese, hadithi ya michoro kutoka Ufilipino, na tayari nataka kuianza upya. Weka kando ulichoshika, nisikilize!

Usiku wa manane. Barabara ya Balete Drive, Quezon City. Maiti ya mwanamke mwenye gauni jeupe na nywele ndefu imelala barabarani, na hakuna askari anayejua aandike nini kwenye ripoti. Aliyeuawa ni mzimu! Ni yule mwanamke wa mavazi meupe ambaye wakazi wa Manila wamesimuliana kwa miongo mingi kwamba huwatokea madereva kwenye barabara hiyohiyo. Sasa mzimu anauawaje? Na nani mwenye sababu ya kumuua?

Kapteni Guerrero wa polisi anapiga simu, na anakuja mpelelezi Alexandra Trese. Koti refu jeusi, maneno ya kuhesabu, walinzi wawili mapacha waliovaa vinyago. Mmoja wa watoa habari wake ni nuno, kizee kibilikimo anayeishi chini ya mfuniko wa mtaro wa barabarani. Hapo ndipo kitabu kiliponikamata, na hakijaniachia.

Katika simulizi za kale za Ufilipino nuno hukaa kichuguuni, na mpita njia humwomba radhi. Mwandishi Budjette Tan amejiuliza swali la maana sana: lami ikishafunika kichuguu, nuno anahamia wapi? Tikbalang, kiumbe mwenye kichwa cha farasi aliyekuwa akiwapoteza wasafiri msituni, sasa anashindana mbio za magari usiku. Aswang, viumbe walao watu, wamejipanga kama magenge ya wahalifu. Hata balete, ule mti mkubwa wa jamii ya mkuyu unaoaminika kuwa maskani ya pepo, bado una wenyewe katikati ya jiji. Aliyelelewa kwa onyo la kutopita chini ya mbuyu usiku hatahitaji kufafanuliwa hapo.

Na viumbe hawa wana sheria! Wana mipaka yao na mapatano yao na binadamu, na kazi ya Alexandra ni kuhakikisha mapatano hayo yanaheshimiwa. Ndiyo maana hofu ya kitabu hiki inauma: kila mkasa ni kesi. Nani analindwa katika jiji hili, na nani anatolewa kafara ili mwingine astarehe?

Michoro ya Kajo Baldisimo ni nyeusi na nyeupe tupu, na lo! Giza lake ni zito hivi kwamba jicho linaogopa kabla halijajua linaogopa nini. Yeye na Tan walianza mwaka 2005 kwa nakala za fotokopi walizozitoa wenyewe. Mwaka 2008 Visprint ikachapisha juzuu hii, 2020 Ablaze ikaipeleka Marekani, na 2021 Netflix ikatoa mfululizo wa katuni. Kama uliutazama, usidhani umemaliza. Kitabuni kila kisa kinasimama chenyewe, na kasi ya kufunua ukurasa unaipanga wewe. Damu ipo ya kutosha, basi kiwe cha vijana waliokwisha kukomaa kidogo.

Ukishanogewa, usiishie hapo! Kitabu kiitwacho Si Janus Sílang at ang Tiyanak ng Tábon cha Edgar Calabia Samar, cha mwaka 2014, kimeandikwa kwa Kifilipino: kijana mpenda michezo ya kompyuta anaingia kwenye mashindano, na wachezaji wenzake wanakufa kwelikweli. Dwellers cha Eliza Victoria, cha mwaka huohuo, kinawapa binamu wawili miili isiyo yao, kisha kinawaonyesha maiti kwenye friza ya nyumba. The Sacrifice cha Rin Chupeco, cha 2022, kinawaleta watengeneza filamu kutoka Marekani kwenye kisiwa chenye laana, na Alon, kijana wa hukohuko, anawaonya bila mafanikio.

Na kwa anayetaka hofu isiyo na pepo hata mmoja, kuna Patron Saints of Nothing cha Randy Ribay, cha 2019. Jay, kijana aliyekulia Marekani, anarudi Ufilipino kutafuta ukweli kuhusu binamu yake Jun, aliyeuawa katika vita vya Duterte, rais wa nchi hiyo wakati huo, dhidi ya dawa za kulevya. Swali ni lilelile la Trese: nani amemuua, na kwa nini wakubwa wamenyamaza?

Hilo ndilo linalonifanya nipige kelele kuhusu vitabu hivi. Waandishi hawa wanamtisha kijana, kisha wanamwamini: wanampa maiti, mashahidi na jiji zima la kulihoji. Anza na Trese, anza leo, na nunua nakala mbili, maana ya kuazimisha hutaiona tena!