Zimwi Lisemalo Kiswahili

Tarehe 8 Septemba 1966 televisheni ya NBC ya Marekani ilianza kuonyesha mchezo wa mfululizo uitwao Star Trek. Sehemu iliyochaguliwa kutangulia ni "The Man Trap", yaani mtego wa kunasia watu. Iliandikwa na George Clayton Johnson, ikaongozwa na Marc Daniels. Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya mchezo huo, nasi hatuna haja ya kuyarudia. Sababu yetu ya kuutazama ni moja: katika saa hiyo ya kwanza kabisa, ndani ya chombo cha anga, Kiswahili kinasemwa. Wenzetu wengi wakipata habari hiyo hufurahi, na twaona hufurahi mapema mno. Yafaa tuulize kwanza ni nani anayekisema, anamwambia nani, na kwa nia gani.

Kisa chenyewe hakihitaji maelezo marefu. Chombo kiitwacho Enterprise, chenye watu zaidi ya 400, kinafika kwenye sayari M-113 ili Daktari McCoy awapime afya Profesa Robert Crater na mkewe Nancy, ambao wamekaa huko miaka wakichunguza magofu. (Twakumbusha, kwa wale wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kusimulia habari za anga, kwamba chombo, nahodha na baharia ni maneno tuliyokuwa nayo kabla ya yeyote kuota kwenda mwezini.) Nancy na McCoy walipendana zamani. Daktari anamwona vile vile alivyokuwa siku zile. Nahodha Kirk anamwona mwanamke wa makamo. Baharia mmoja kijana anaona msichana mwingine kabisa. Punde baharia huyo anakufa, uso umejaa madoa mekundu, na mwilini mwake chumvi imekwisha. Nancy wa kweli alikwisha kufa. Anayeonekana ni kiumbe wa sayari ile, wa mwisho wa jamii yake, aishiye kwa chumvi na awezaye kuvaa sura ya yeyote ambaye mtazamaji wake anamtamani au anamkumbuka. Anajigeuza baharia, anapanda chomboni.

Hapo ndipo tunapokutana na Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Jina lake latokana na neno letu uhuru. Nichols mwenyewe alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa ameshika riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, na jina likazaliwa humo, irabu ya mwisho ikabadilishwa ili lilainike. Mwalimu wa sarufi atanung'unika kidogo, maana neno limepoteza maana yake kwa ajili ya ulaini, lakini tumsamehe.

Kazi ya Uhura ni mawasiliano. Yeye ndiye anayewafungulia wengine njia ya kusemezana, na mtunzi ametumia jambo hilo kwa akili. Mapema katika mchezo tunamwona kwenye chumba cha uongozi, amechoshwa na istilahi za kazi yake, akijaribu kumvuta Spock katika soga. Anamwomba amweleze jinsi sayari yake, Vulcan, inavyopendeza jioni wakati wa mwezi mpevu. Spock anamjibu kwamba Vulcan haina mwezi. Muda mfupi baadaye inakuja habari kwamba mmoja wa walioshuka sayarini amekufa, na Spock haulizi hata kama ni nahodha. Uhura anashangaa: Kirk ndiye mtu aliye karibu zaidi kuwa rafiki wa Spock! Mandhari hiyo ni fupi na yachekesha, lakini kwa maoni yetu ndiyo iliyobeba mchezo mzima. Tunaonyeshwa mtu ambaye kila anayemsemesha ana amri ya kumpa au taarifa ya kuomba.

Kisha, kwenye ujia wa chombo, Uhura anakutana na baharia mweusi, kijana mtanashati, aliyeigizwa na Vince Howard. Hamjui, na anamwuliza kama wanafahamiana. Kijana anajibu kwamba punde tu alikuwa akimwaza mtu kama yeye, na kwamba anaonekana mpweke. Halafu anamsemesha Kiswahili. Uso wa Uhura unabadilika. Kijana anasogea, mikono ameinua, na yule mwanamke aliyekuwa na maneno mengi mbele ya Spock anasimama kama aliyegandishwa. Wito wa kazi ndio unaomwokoa: anatakiwa chumba cha uongozi, anajinasua, anakwenda zake. Hajui kamwe kwamba alikuwa hatua moja kutoka mautini.

Tukumbuke kwamba kiumbe huyu hakujifunza Kiswahili mahali popote. Amekichota moyoni mwa Uhura, kama alivyouchota ujana wa Nancy moyoni mwa McCoy. Kwa daktari chambo kilikuwa mapenzi ya zamani. Kwa Uhura sura nzuri peke yake haikutosha, ikaongezwa lugha. Watunzi wengi wanaotaka kuonyesha upweke wa safari za anga humweka mtu mmoja katika chumba kitupu, nje giza, ndani kimya. Johnson ameona mbali zaidi. Mtu aweza kuwa mpweke katikati ya watu 400 ambao wote wanaelewa kila asemalo.

Twaamini wasomaji wetu wanaofundisha mbali na pwani wanalijua jambo hili kuliko wahakiki wa huko lilikotokea. Katika nchi ambamo Kiswahili ni lugha ya soko, ya kambi au ya kipindi cha darasani tu, tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba lugha ni undugu. Ni kweli, na ni nusu ya kweli. Nani asiyejua habari za msafiri aliyefika stendi ya mabasi ya mji mgeni, akaamkiwa kwa lugha ya nyumbani, akamkabidhi mwamkiaji mzigo wake, na asimwone tena? Lugha ya mama hupewa imani kabla haijaifanyia kazi. Mchezo huu unaithubutisha nusu ile ya pili ambayo vitabu vyetu vya kiada haviitaji.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Johnson, ambaye yaelekea hakuwahi kuisikia methali hiyo, ameipindua: zimwi lake linakujua ndiyo maana linakumaliza. Nasi tunayo mazimwi ya namna hiyo katika ngano zetu, yajigeuzayo vijana wazuri ili kumposa binti aliyekataa wachumba wote wa kijijini. Tofauti ni kwamba binti wa ngano huadhibiwa kwa kiburi chake. Uhura hana kosa lolote. Kosa, kama lipo, ni la chombo kizima kilichomwacha amwaze mtu asiyekuwepo.

Tena zimwi lenyewe ni la kuhurumiwa. Kiswahili kinatupa maneno mawili hapa, upweke na ukiwa, ambayo wanafunzi huyachanganya. Uhura ni mpweke. Wito mmoja wa kazi waweza kumrudisha kwa wenzake. Kiumbe ni mkiwa: wa kwao wote wamekufa, hana wa kumrudia. (Amekula chumvi nyingi, kwa maana zote mbili za usemi huo.) Profesa Crater naye ni wa kundi hilo. Alijua kwamba aliyekuwa naye si mkewe, bali ndiye aliyemwua mkewe, lakini akaendelea kumpa chumvi na kukaa naye. Huyo ndiye mhusika aliyetugusa kuliko wote, na tunasikitika kwamba mtunzi anampitia haraka.

Kasoro nyingine ni mwisho. McCoy anampiga kiumbe risasi ya mwanga akiwa bado na sura ya Nancy, kisha Kirk anataja nyati wa Marekani, wale ambao katika karne ya 19 waliuawa hadi karibu wakatoweka. Wazo ni zito, lakini linatajwa kwa sentensi moja na chombo kinaondoka. Na Uhura? Hakuna anayemwuliza lolote. Yule aliyepungukiwa na msemaji mwenzake mwanzoni mwa mchezo anapungukiwa vile vile mwishoni, na hatuna uhakika kwamba mtunzi aliona hivyo.

Juu ya Kiswahili chenyewe hatuna sifa za kutoa. Ni maneno machache, yanasikika kama yaliyokaririwa, na lafudhi haifanani na ya mtu yeyote tuliyepata kumsikia. Kiumbe aliyeyachota maneno hayo moyoni mwa mzawa wa lugha angeyatamka kama mzawa! Kosa hilo si la matamshi tu; linaudhoofisha mtego wenyewe, kwa kuwa mtazamaji ajuaye Kiswahili hanaswi pale ambapo Uhura ananaswa.

Mwalimu atakayeutumia mchezo huu darasani aufuatishe na sehemu nyingine, "The Changeling", iliyoonyeshwa tarehe 29 Septemba 1967. Humo mashine iitwayo Nomad inafuta elimu yote ya Uhura, naye anaanza upya kusoma Kiingereza kama mtoto wa darasa la kwanza. Anapokwama, maneno yanayomtoka ni ya Kiswahili, na muuguzi Chapel anamrudisha kwenye Kiingereza. Kisha wanafunzi waandike upya mazungumzo ya kwenye ujia: wampe yule baharia Kiswahili ambacho kweli kingemsimamisha mtu wa kwao, salamu zake, utani wake, majina ya jamaa. Na wamwandikie Uhura maswali ambayo zimwi lisingeweza kuyajibu.