Kioo cha Mwisho cha Ansel Adams

Aprili 10, 1927, Ansel Adams, kijana wa miaka 25, alipanda miamba yenye theluji ya Yosemite, California, akiwa amebeba kamera nzito na vioo vya kupigia picha. Alipofika mkabala na Half Dome, jabali linaloinuka zaidi ya mita 1,400 kutoka bondeni, alikuwa amebakiwa na vioo viwili tu.

Akasubiri jua lianze kuupiga uso wa jabali. Kioo cha kwanza alikitumia akiwa ameweka chujio la manjano mbele ya lenzi. Mara akang'amua kwamba anga litatoka la kijivu, na jabali halitakuwa na ile haiba iliyomtetemesha pale aliposimama. Akabadilisha, akaweka chujio jekundu lililokoza. Chujio hilo huzuia mwanga wa buluu, kwa hiyo anga hukaribia weusi, vivuli hukolea na theluji hubaki nyeupe. Kwa kuwa hupitisha mwanga kidogo, ilibidi lenzi iachwe wazi kwa sekunde tano. Kioo kilikuwa kimoja, na hakukosea.

Tangu hapo, kwa Adams picha ilianza akilini kabla kidole hakijagusa kamera. Baadaye yeye na mpiga picha mwenzake, Fred Archer, waliyapanga mawazo hayo yakawa mfumo: ngazi za mwanga kutoka weusi kabisa hadi weupe wa karatasi. Mpiga picha hupima kivuli anachotaka kionekane vizuri, akakadiria mwanga wa kuingiza. Halafu sehemu zenye mwanga mkali ndizo zinazomwamulia filamu isafishwe kwa muda gani.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya chumba cha giza. Adams alikuwa amesomea piano na nusura aifanye kazi ya maisha yake, ndiyo maana aliiona negativu kama muziki ulioandikwa: bado anatakiwa wa kuupiga. Alikinga sehemu moja kwa kipande cha kadi isiingiwe na mwanga mwingi, akaiongezea nyingine mwanga hadi ikolee. Picha yake ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, aliyoipiga mwaka 1941, aliichapisha upya kwa miaka mingi, na anga lake likazidi kuwa jeusi.

Ustadi huo ulifika mezani kwa wakubwa. Mwaka 1936 Adams alikwenda Washington na picha zake, akikiwakilisha chama cha uhifadhi cha Sierra Club, kuwashawishi wabunge walifanye eneo la Kings Canyon kuwa hifadhi ya taifa. Mwaka 1938 akatoa kitabu cha picha za milima ya Sierra Nevada, na nakala moja akampelekea Harold Ickes, waziri wa mambo ya ndani, ambaye alimwonyesha Rais Roosevelt. Hifadhi ikatangazwa mwaka 1940.

Picha peke yake hazikuileta hifadhi hiyo. Wapo waliokuwa wameipigania kwa miaka mingi. Lakini viongozi wengi waliokuwa na kura hawakuwahi kukanyaga milima ile. Walichokiona ni karatasi, na Adams alihakikisha karatasi hiyo haikutengenezwa ovyo. Anayetaka kutetea msitu au mlima kwa kamera, na aanze kwa kuijua kazi yake.