Heko, Mafundi wa Tovuti

Nawapongeza kwa dhati vijana wa pwani ya Lindi wanaojiajiri kwa kutengeneza tovuti za nyumba za wageni. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo kwenye orodha ya UNESCO tangu 1981, lakini mgeni hutafuta kitanda Kilwa Masoko kwa simu kabla hajapanda ndege. Fundi hodari hupunguza uzito wa picha za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ili ukurasa ufunguke hata mtandao ukisuasua. Huchukua malipo ya awali, tena bila aibu. Na anwani ya .co.tz huiandikisha kwa jina la mwenye nyumba ya wageni, si lake. Hapo ndipo namvulia kofia: mteja akitaka kuhama, anaondoka na mali yake. Wateja wa namna hiyo ndio wanaomletea majirani zao.