Sheng, Engsh na Pato la Mzazi: Uhakiki wa Lawama Moja

Aghalabu matokeo ya mitihani ya taifa nchini Kenya yanapokuwa duni, hasa katika insha, lawama hutwikwa Sheng, na kwa Sheng hukusudiwa watoto wa mitaa ya Eastlands, Nairobi. Husemwa kwamba lugha yao imeharibika, na kwamba lugha iliyoharibika huzaa fikira zilizoharibika. Lawama hii imerudiwa mno hata ikachukuliwa kuwa ni maelezo. Yafaa ipimwe.

Abdulaziz na Osinde, katika makala yao ya mwaka 1997, waliweka bayana misimbo miwili: Sheng, yenye msingi wa sarufi ya Kiswahili, iliyochipuka Eastlands, na Engsh, yenye msingi wa Kiingereza, inayohusishwa na vijana wa mitaa ya wenye nacho upande wa Westlands. Ulinganisho huo una thamani ambayo wanaoilaumu Sheng hawajaizingatia. Misimbo yote miwili huchanganya lugha, na yote miwili huunda maneno na kuyatupa. Ikiwa kuchanganya ndiko kunakodhoofisha akili, basi kijana wa Westlands naye angalistahili kukemewa kwa sauti iyo hiyo. Hakemewi hivyo. Lawama, kwa hiyo, yaelekea kumfuata msemaji kuliko usemi wake.

Hoja hii hupata nguvu zaidi ndani ya Eastlands yenyewe, kwani eneo hilo si la tabaka moja. Pumwani ulikuwa mtaa wa Waafrika tangu miaka ya 1920. Kaloleni na Makongeni ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wakati wa ukoloni. Buruburu ilijengwa katika miaka ya 1970 kwa walioweza kununua nyumba kwa mkopo. Na Dandora ilianza katika muongo huo huo kwa mpango wa ugawaji viwanja uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Mtoto wa Buruburu na mtoto wa Korogocho waweza kuelewana barabara kwa Sheng. Lakini wa kwanza arudipo nyumbani hukuta meza, taa, kamusi, na pengine mwalimu wa masomo ya ziada aliyelipwa. Wa pili hukuta chumba kimoja ambamo hupikwa, hulalwa na kupokewa wageni. Sababu iliyo sawa kwa wote wawili haiwezi kueleza tofauti iliyopo baina yao.

Historia ya ada nayo yaelekeza huko huko. Mwaka 1974 ada ya madarasa manne ya kwanza iliondolewa, lakini shule zikatoza fedha za majengo, na watoto wengi wakaacha masomo. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima la kutahiniwa. Papo hapo uliwatwika wazazi ujenzi wa karakana, na sera ya kugawana gharama ikafuata mwaka 1988. Elimu ya msingi bila ada ilipoanza mwaka 2003, madarasa ya shule za umma yalifurika, na wazazi wengi wenye uwezo wakawahamishia watoto wao katika shule za kibinafsi. Ada iliyotolewa kwa mlango mmoja ilirudi kwa mwingine.

Haimaanishi kwamba Sheng haina athari yoyote. Labov alionyesha mwaka 1969 kwamba Kiingereza cha vijana Weusi wa Harlem kina mantiki yake kamili, lakini mantiki hiyo peke yake haikuwapatia alama shuleni. Kadhalika, mtahini wa Kenya hudai Kiswahili sanifu, na mtoto asiyekisikia nyumbani wala mtaani hana budi kukitafuta katika riwaya, diwani na kamusi. Vitu hivyo hununuliwa. Hapo ndipo pato la mzazi linapoingia katika insha ya mtoto, na hapo ndipo lawama ya Sheng inapolificha.

Idara za lugha zinazowaandaa walimu haziwezi kujitenga na jambo hili. Mwalimu anayemwadhibu mtoto wa Eastlands kwa neno la Sheng humwadhibu kwa mahali alipozaliwa. Mwalimu aliyefunzwa sarufi ya Sheng aweza kuanzia pale mtoto alipo na kumvusha hadi kwenye Kiswahili sanifu. Hata hivyo, asipokuwa na maktaba yenye vitabu, na saa ya kuvisoma humo humo shuleni, ujuzi wake hautawafaa wale wasio na kitabu nyumbani.