Jemadari na Nahodha: Uongozi wa Vita katika Tenzi za Kiswahili na Usomaji Wake Arua na Koboko

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa tenzi za vita umezoea kumpima kiongozi kwa kipimo kimoja, yaani ushujaa. Jemadari wa nchi kavu na amiri wa merikebu huwekwa katika mizani moja, kana kwamba kazi zao hazitofautiani. Makala hii inadai kwamba zinatofautiana, na kwamba tukiipuuza tofauti hiyo tunamnyima msomaji wa Arua na Koboko nafasi ya kuzisoma tenzi hizi kama mtu ambaye vita vilifika mlangoni pake. Tenzi mbili zinarejelewa: ule wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy kuhusu Wadachi kutamalaki Mrima, na ule wa Henry Muhanika (1981) kuhusu Vita vya Kagera na anguko la Idi Amin Dada.

2.0 Baharini: kufika si kukaa

Amiri wa merikebu hutawaliwa kwanza na upepo na maji. Katika vita vya Shela, takriban mwaka 1812, majeshi ya Pate na Mombasa yaliteremka Lamu kwa vyombo. Masimulizi yanaeleza kwamba waliposhindwa na kurudi ufukweni, maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vimekwama. Wengi wakauawa hapohapo. Jemadari aliyeshindwa bara huweza kutafuta njia nyingine. Aliyekuja kwa bahari ana njia moja tu, nayo hufuata saa za maji.

Taabu ya pili ni kukaa. Mwaka 1828 Seyyid Said wa Omani alifika Mombasa kwa merikebu na kuingiza askari wake katika Ngome ya Yesu. Alipoondoka, askari hao walizingirwa wakatolewa. Mji haukuwa wake hadi 1837, na hapo mfarakano wa Wamazrui wenyewe ulimfaa sana. Wadachi nao, wakishirikiana na Waingereza, waliufunga mwambao kwa manowari tangu Desemba 1888. Hata hivyo, 1889 ilibidi Wissmann alete jeshi la nchi kavu, wakiwamo Wasudani walioandikishwa Misri. Ndiyo maana neno "kutamalaki" katika anwani ya utenzi wa Hemedi lina uzito. Manowari hufika, lakini kutamalaki ni kazi ya askari wa miguu.

3.0 Nchi kavu: kukaa na kuondoka

Jemadari wa bara ana taabu iliyo kinyume. Daraja la Kyaka lilipolipuliwa Novemba 1978, jeshi la Tanzania lililazimika kwanza kupata namna ya kuuvuka Mto Kagera. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, lakini vita viliendelea kaskazini hadi mwanzoni mwa Juni, jeshi lilipopita Arua na kufika mpaka wa Sudan. Katika mwendo huo wote askari lazima wale, na walale miongoni mwa wenyeji. Mabaharia wamo chomboni, mbele ya macho ya nahodha wao. Bara, amri humfikia askari kwa kupitia vinywa vingi, na akiingia nyumba ya mtu, mkuu wake hamwoni.

Hapa ndipo kipimo cha ushujaa kinapopwaya. Anwani ya Hemedi inataja alichopata mshindi; ya Muhanika inataja alichopoteza mshindwa. Hakuna inayomtaja mwenyeji ambaye askari wanabaki kwake. Utenzi wa Muhanika ulichapishwa 1981. Mwezi Juni mwaka huohuo, raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa na wanajeshi wa serikali iliyokuja baada ya Amin. Simlaumu mshairi kwa jambo lililo nje ya mada yake. Ninalosema ni kwamba "anguko" ni mwisho wa utenzi, wala si mwisho wa vita, na mhakiki anapaswa kuvitenganisha viwili hivyo.

4.0 Usomaji

Tofauti hii ina uzito wa pekee Koboko, mji unaohusishwa na jamaa za Amin, na Arua. Katika eneo hili Kiswahili kilienea sana kwa njia ya kambi: Amin mwenyewe alijiunga na jeshi la King's African Rifles mwaka 1946, na mwaka 1973 akaitangaza lugha hii kuwa lugha ya taifa. Kwa wazee wengi, Kiswahili ni sauti ya amri. Tukimpa mwanafunzi wao utenzi unaosifu amri pekee, tunaithibitisha hofu hiyo.

5.0 Hitimisho

Makala inapendekeza mambo mawili. Kwanza, tenzi hizi mbili zifundishwe pamoja, na mwanafunzi aulizwe kila kiongozi alishindana na nini: maji, njaa, umbali, au askari wake mwenyewe. Pili, masimulizi ya wazee wa Arua na Koboko yakusanywe kwa Kiswahili, pamoja na Kilugbara na Kikakwa, yasomwe kando ya utenzi wa Kagera. Hapo Kiswahili kitakuwa lugha ya kusimulia yaliyowapata, baada ya miaka mingi ya kuwa lugha ya kuwaamuru.