Tumbo na Sindano

Asubuhi za Kiirua, huko Buuri, zina baridi ya Mlima Kenya, na nyigu wa kabichi hainuki mpaka jua limpashe mbawa moto. Ni mweusi, mwembamba, mfupi kuliko punje ya mchele. Wataalamu humwita Diadegma. Akishainuka, lazima aamue: atafute kiwavi wa kumtagia, au atafute chakula chake mwenyewe?

Kiwavi anayemtaka ni wa nondo mgongo-almasi, yule anayetoboa kabichi na sukuma wiki mpaka jani libaki chujio. Nyigu hutembea juu ya jani akilipigapiga kwa vipapasio, akinusa kinyesi cha kiwavi na majeraha ya jani. Kiwavi akishtuka hujitupa ukingoni, akaning'inia kwa uzi wa hariri. Hapo ndipo ustadi wa nyigu unaponishika moyo. Hamfuati. Anasimama penye uzi, anangoja. Kiwavi akipanda tena, sindano ya kutagia inamkuta mlangoni. Yai moja, basi. Kiwavi ataendelea kutafuna huku mtoto wa nyigu akimla taratibu kutoka ndani, na mwisho kitakachotoka si nondo, ni nyigu mwingine.

Kungoja huko kuna gharama. Nyigu wengi wa jamii hii, wakishakomaa, hawawezi kugeuza sukari kuwa mafuta. Mafuta waliyotoka nayo ndani ya kiwavi ndiyo akiba ya maisha yote. Mbochi ya maua huendesha mbawa ili akiba hiyo isiliwe upesi: Diadegma asiyekula hufa kwa siku moja au mbili, anayekula huishi wiki kadhaa.

Atajuaje wakati wa kuacha windo? Jamaa yake, Cotesia rubecula, anayewinda viwavi wa vipepeo weupe, alipimwa maabarani. Mwenye njaa alifuata harufu ya ua na rangi ya manjano. Aliyeshiba alifuata jani lililotafunwa. Harufu ni zilezile. Njaa ndiyo inayochagua ipi isikilizwe.

Kenya ina Diadegma wa asili, lakini mwaka 2002 kituo cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kiliachilia huko Taita, eneo la Wundanyi, Diadegma semiclausum kutoka Taiwan, mpenda baridi ya nyanda za juu na hodari zaidi kwa nondo huyu. Nondo mwenyewe ameshazoea dawa nyingi. Nyigu hajazizoea, na inaniuma kila shamba linapopigwa dawa kwa mazoea tu.

Badala yake, mkulima anaweza kumlisha nyigu kwa dania. Ile ya sokoni hung'olewa kabla haijachanua. Mstari mmoja ukiachwa uchanue kando ya kabichi, maua yake meupe huwa madogo na wazi, na mdomo mfupi wa nyigu huifikia mbochi. Hapo hana haja ya kuuvuka upepo wa Buuri kwa ajili ya tone moja. Anakunywa, anapangusa vipapasio kwa miguu ya mbele, anarudi kwenye jani lililotobolewa.