Watu Wote, na Mkristo Aliyenyamaza

Filamu ya Watu Wote ina dakika 22 tu. Sisi tulibishana juu yake zaidi ya saa mbili, na tungeendelea kama mlinzi wa kanisa hangeanza kuzima taa.

Ilikuwa Ijumaa jioni, ushirika wa vijana, hapa Nairobi. Mada ya mwezi: kukomaa katika imani. Kusema kweli, nilikuwa nimetarajia yale ya kawaida. Amka alfajiri uombe, soma Neno, toa zaka, acha kampani mbaya. Badala yake kiongozi wetu alileta projekta.

Kwa ambao hawajaiona: Watu Wote iliongozwa na Katja Benrath ikiwa kazi yake ya kuhitimu katika chuo cha Hamburg Media School, Ujerumani. Ilipigwa hapa Kenya, na mwaka 2018 iliteuliwa kuwania Oscar upande wa filamu fupi. Tukio lenyewe tunalijua. Tarehe 21 Desemba 2015, al-Shabaab walivamia basi lililokuwa likienda Mandera, karibu na El Wak, wakataka abiria watenganishwe: Waislamu huku, Wakristo kule. Mwaka mmoja nyuma, tarehe 22 Novemba 2014, utenganishaji kama huo ulifaulu. Abiria 28 wa basi lililotoka Mandera kuja Nairobi waliuawa, wengi wao walimu waliokuwa wanarudi makwao likizo ya Desemba. Siku kumi baadaye wafanyakazi 36 wa machimbo ya mawe ya Koromei nao wakauawa.

Lakini siku ile ya El Wak abiria Waislamu walikataa. Wanawake waliwavika Wakristo hijabu. Wengine waliwaambia wavamizi wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi pale Mandera, alipigwa risasi. Alifariki Januari 2016.

Filamu inamweka katikati Jua, Mkristo anayechezwa na Adelyne Wairimu. Jua ana jeraha la zamani linalomfanya asiwaamini Waislamu, na sasa amekaa katikati yao kwa safari ndefu. Wairimu anaicheza hofu hiyo vizuri sana. Ameubana mwili kwenye kiti, hataki kuzoeana na mtu. Abdiwali Farrah, anayecheza Salah, hamgeuzi mwalimu kuwa malaika. Ni mtu wa kawaida, mpole, mwenye maneno yake. Ndiyo maana anaposimama, unaamini kwamba mtu wa kawaida anaweza kusimama hivyo.

Taa zilipowashwa, jamaa mmoja wa kwaya akasema, "Filamu ni safi, lakini tusidanganyane. Huyu dada alimkana Yesu. Mkristo aliyekomaa angevua hiyo hijabu aseme mimi hapa."

Wengine wakaguna, wengine wakasema amina. Ni rahisi kumcheka, lakini alikuwa anasema tulichofundishwa. Tumelelewa kwa hadithi za mashahidi wa imani, za mtu anayeulizwa swali moja, anajibu jibu moja, kisha anakufa. Katika hadithi hizo ukomavu unapimwa kwa sekunde moja mbele ya bunduki.

Aliyemjibu ni dada mmoja aliyefundisha Mandera miaka mitatu, akaondoka mwanzoni mwa 2015, wakati walimu wengi wa kutoka nje ya eneo hilo walikataa kurudi. "Ndugu yangu," alisema, "ile hijabu haikuwa yake. Kuna mama aliyeitoa. Akiivua pale, anayekufa si yeye peke yake. Wale waliomficha pia wanakufa. Hiyo ndiyo imani unataka?" Halafu akanyamaza kidogo. "Mimi swali langu ni lingine. Akifika, atawaambia nini watu wa kanisa lake?"

Nimeishi na swali hilo tangu siku ile, na nadhani ndilo linaloonyesha nguvu ya filamu hii na pia udhaifu wake.

Waraka kwa Waebrania, mwishoni mwa sura ya tano, unatofautisha wachanga wanaokunywa maziwa na watu wazima wanaokula chakula kigumu. Huwa tunapasoma haraka, tunadhani chakula kigumu ni mafundisho magumu, ya watu waliosoma chuo cha Biblia. Lakini mwandishi anasema waziwazi mtu mzima ni nani: ni yule ambaye kwa mazoezi amejifunza kupambanua mema na mabaya.

Sasa rudi kwenye basi. Kila mtu pale anapambanua. Wavamizi wanapambanua kwa dini: huyu wetu, yule wao. Jua naye, kabla ya risasi ya kwanza, alikuwa anapambanua vivyo hivyo. Hakuwa na bunduki, alikuwa na kidonda, na tofauti hiyo ni kubwa. Lakini kipimo chake kilikuwa dini pia. Waliopambanua mema na mabaya ni Salah na wale kina mama. Kwa kipimo cha Waraka kwa Waebrania, watu wazima ndani ya basi lile walikuwa Waislamu.

Hapo ndipo kanisani tunateleza. Usiku ule kiongozi wetu alifunga kwa sala nzuri, akamshukuru Mungu kwa kuwalinda watu wake. Salah hakutajwa. Nikiuliza, najua nitajibiwa kwamba "Mungu alimtumia." Labda. Lakini tunavyolisema neno hilo, mtu anakuwa kama mpini wa jembe. Salah hakuwa mpini. Alikuwa mwalimu aliyebaki Mandera wakati shule zilikuwa zinapungukiwa walimu, Mwislamu aliyeijua dini yake vya kutosha kukataa inavyotumiwa vibaya. Kumfanya Mkristo wa siri ili tuweze kumsifu ni uchanga mwingine.

Pia tunalipenda sana lile simulizi la Msamaria katika Luka 10, na tunapolihubiri sisi ndio Msamaria kila mara. Tunatoa, tunasaidia. Lakini swali la Yesu pale linamtazama mtu aliyelala barabarani: nani alikuwa jirani yake yeye? Kwenye barabara ya Mandera, Mkristo ndiye aliyelala, na msaada umetoka kwa mtu aliyefundishwa asimtarajie. Hiyo nafasi hatuipendi, maana kupokea uhai wako kutoka kwa mtu uliyemwogopa kunakuachia deni ambalo haliingii kwenye bahasha ya sadaka.

Na deni hilo halikuanzia El Wak. Julai 2012, makanisa mawili ya Garissa yaliposhambuliwa na watu 17 kuuawa, viongozi wa Kiislamu walitangaza kwamba vijana wao watasaidia kulinda makanisa siku za Jumapili. Nimesikia mahubiri mengi sana kuhusu mashambulizi ya Kaskazini Mashariki. Kuhusu hao vijana, sijasikia hata moja.

Kwa hiyo lawama yangu kwa Watu Wote ni hii. Filamu inampa Jua hofu, kisha inampa wokovu, kisha inamwacha. Safari ya kukomaa imepewa Salah yote, naye alikuwa ameshafika alipopanda basi. Jua, ambaye ndiye mwenye safari, hatumwoni akitembea. Simlaumu kwa kunyamaza mbele ya bunduki, na yeyote anayemlaumu akakae kwanza kwenye kile kiti. Ninachotaka kujua ni atakavyonyamaza au kusema baadaye, pale hakuna bunduki: mtu akisema "hao Wasomali" kwenye matatu, landilodi akikataa kumpangisha familia yenye hijabu, polisi wakifanya msako Eastleigh na mchungaji akisema amina.

Dakika 22 hazitoshi kwa yote hayo, naelewa. Lakini jina ni Watu Wote, na bila hayo Mkristo amebaki kuwa mtu wa kuokolewa tu.

Bado nasema itazameni, na muitazame kanisani. Ila kabla ya mtu kufunga kwa sala, muulizeni lile swali la mwalimu. Na kwenye sala yenyewe, mtajeni Salah Farah kwa jina.